Mchanga wa Kanisa, Shinyalu

Kwetu mvua haibishi hodi. Saa tisa unusu
inateremka kutoka msituni kama shemeji aliyezoea nyumba,
na mimi nimelipa, kwa akiba ya sacco ya miaka sita,
kwenda kuendesha pikipiki mahali ambapo,
anaandika kiongozi wetu, mvua ni hadithi ya wazee.

Jina lake Nasor, wa Ibra, Omani.
Nyanya yake alizaliwa Pemba, na Kiswahili chake
kimetandikwa kitambaa cha meza. Yeye husema pumzi ya gurudumu,
mimi nasema upepo. "Taratibu, bibie," ananiandikia,
"mchanga haupendi mkono wenye hofu."

Nikamjibu kwamba mimi hubeba chanjo,
Khayega hadi Isecheno, mwaka wa kumi na moja huu,
sanduku la barafu nyuma, na kuanguka nakujua.
Akasema: "Tope hukushika. Mchanga hukuachia."
Nikakaa na neno hilo siku mbili.

Sasa mchanga nitautoa wapi?
Kanisani walikuwa wamemwaga lori tatu za mnara.
Shitsukane mweka hazina akakubali,
mradi nikimaliza nilirudishe rundo kwa koleo.

Fundi Ashioya hakutaka kunitolea upepo.
"Watu wote huja hapa kuongeza. Wewe wapunguza?"
Hadi kumi na tano, nikamwambia. Akaitazama geji
kama daktari aliyeombwa amwage damu ya mzima.

Mara ya kwanza gurudumu la mbele lilizama hadi kitovu.
Watoto wa shule wakajipanga ukutani, kimya, kwa adabu mbaya.
Mara ya pili nililitazama gurudumu, nalo likanitazama.
Mara ya tano
nikasimama juu ya vikanyagio, magoti yamebana tangi,
macho kwenye mgomba wa Lumbasi kule ng'ambo
(tazama unakokwenda, si unakoangukia),
nikavuta mafuta bila huruma, nikapita.
Hatua tisa. Nilizihesabu baadaye kwa miguu.
Halafu ikafika saa tisa unusu,
mchanga ukashikana, jangwa langu likaisha.

Mama mkwe akauliza, "Huko kuna mgonjwa wetu?"
Hakuna.
"Kuna msiba?"
Hakuna, mama.
"Basi watakulipa ngapi?"
Ninayelipa ni mimi.
Akaweka ungo chini, akacheka hadi akashika mbavu,
akanyamaza, kisha akataka kujua
kama pikipiki za huko zina mwavuli.

Khasoa hakucheka.
Khasoa ana binti Maskati, Muhonja,
kwenye nyumba ya watu wanane.
Simu ya mwisho ilikuwa Jumatatu ya Pasaka.
Aliponiona na fomu za pasipoti alidhani
nami naenda kuosha vyombo.
Nikasema: mapumziko.
Neno likaanguka kati yetu kama kifuniko cha sufuria.
Jioni akarudi na unga wa wimbi, kilo mbili,
ameushonea kipande cha gunia kwa uzi mwekundu.
"Ukipita, ukimwona."
Nilitaka kumweleza kwamba nchi ni kubwa,
kwamba siku saba nitakuwa nyuma ya vumbi la Nasor
kwenye vilima visivyo na mlango hata mmoja.
Nikasema, "Nitauliza."

Usiku huu orodha imelala kitandani pangu:
maji lita sita kwa siku, chumvi, kitambaa cha uso,
soksi ndefu, mzigo usizidi kilo kumi na mbili.
Nimeazima mizani ya mahindi. Kumi na tatu na nusu.
Nimetoa koti la pili. Nimetoa Biblia,
nikairudisha, nikaitoa.
Buti ziko nyuma ya jiko tangu Jumapili
na bado zina unyevu ndani, kwenye vidole.
Unga sijaugusa.

Nimemwandikia Nasor: kutoka mchangani kwako
hadi Maskati ni mwendo gani, na je,
kuna siku tunaweza kupita?

Bati linapigwa. Mtandao wetu hukimbia mvua.
Tiki moja, ya kijivu.